Dimbwi la Kigogo



Wapendwa vijana, masika ndiyo hayo yamerudi. Kuanzia Machi hadi Mei, sisi wa Dar es Salaam tunajua maana yake: Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hapapitiki, magari yanageuzia Kigogo, na foleni inakuwa foleni kweli kweli. Leo sitawahubiria habari za Nuhu. Nataka niungame kitu mbele yenu.

Masika iliyopita, muumini mmoja alinipa lifti baada ya Misa ya asubuhi. Mvua inapiga, rozari inaning'inia kwenye kioo, sisi tunaongea habari za jumuiya. Pale Kigogo kulikuwa na dimbwi, na pembeni yake binti wa shule, shati jeupe, viatu kashika mkononi. Dereva hakupunguza mwendo. Maji yakamrukia binti mpaka kichwani. Nikageuka, nikamwona amesimama tu, anajitazama. Dereva akacheka: "Frateri, ndiyo masika hayo!"

Na mimi nikacheka.

Kicheko hicho ndicho nilichokwenda nacho kitubioni Jumamosi.

Utasema, "Ah, Frateri, maji tu hayo, si yanakauka?" Yanakauka, ndiyo. Lakini yule binti alibaki pale aamue: arudi nyumbani akose vipindi, au aingie darasani na tope lake achekwe. Yote hayo kwa sababu sisi hatukutaka kupoteza sekunde tano. Katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu, walipita tu. Sisi tulimchafua wenyewe, tukapita, tena tunacheka.

Kwenye falsafa tulisoma wazo la Aristotle kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, tena na tena, mpaka iwe tabia. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye karatasi. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa unanisubiri dimbwini! Na tabia mbaya nayo hujengwa hivyo hivyo. Anayezoea kutomwona mtu wa pembeni leo, kesho ndiye atakayelazimisha kuvuka maji yanayokwenda kasi huku amebeba watoto wa watu. Maji hayo hayana mzaha; hata yakiwa ya magotini tu yanaweza kubeba gari.

Kijana mwenzangu unayeendesha, iwe gari, bajaji au bodaboda: upendo kwa jirani wakati mwingine ni kuondoa tu mguu au mkono kwenye mafuta. Na wewe abiria, usijifiche nyuma ya dereva kama nilivyojificha mimi. Kuna dhambi ya kutotimiza wajibu. Sema: "Kaka, punguza kidogo, kuna watu." Ni maneno matano tu, na mimi yalinishinda.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kumwona anayetembea kwa miguu, na ujasiri wa kusema kabla maji hayajaruka. Umlinde yule binti, popote alipo. Amina.