Mlango Ukiwa Wazi

Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea The Fugitive, filamu ya mwaka 1993. "Babu, hii ya watu wako," akasema. Nilikuwa bwana jela miaka 27, kwa hiyo mfungwa akitoroka kwenye sinema, mimi humtazama askari kwanza.

Dakta Richard Kimble wa Chicago, aliyeigizwa na Harrison Ford, anahukumiwa kufa kwa mauaji ya mkewe, ilhali aliyeua ni mtu wa mkono wa bandia. Karandinga la wafungwa linapinduka na kulala relini usiku, na treni inakuja. Askari mmoja anajiokoa, anamwacha mwenzake ndani akivuja damu. Kimble anamsukuma majeruhi yule nje kupitia dirishani, ndipo naye anaruka, minyororo ingali miguuni. Baadaye askari aliyekimbia anasimulia kwamba yeye ndiye aliyemwokoa mwenzake. Hapo nikamwambia kijana asimamishe kidogo, nikanywa maji.

Aliyeonewa, mlango ukifunguka, atoke?

Nabii Yusuf hakutoka. Alisingiziwa kumtaka mke wa bwana wake; kanzu yake ilichanwa kwa nyuma, dalili zote wakaziona, na bado wakamfunga miaka. Mjumbe wa mfalme alipomjia, alimrudisha: kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Na Mtume (s.a.w.) alisema lau yeye angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf, angemwitikia aliyemwita. Hadithi hiyo naipenda. Anayeijua jela hawezi kuisikia akabaki vilevile.

Mchungaji aliyekuwa akija gerezani kwetu Jumapili alipenda kisa cha Paulo na Sila kule Filipi. Tetemeko linapiga, milango inafunguka, minyororo inalegea, wala hatoki mtu. Mlinzi anaamka, anachomoa upanga ajiue, Paulo anamzuia kwa sauti kwamba wote wapo. Wafungwa walifurahia tetemeko. Mimi nilimwonea huruma mlinzi, maana hesabu ya jioni ikipungua kichwa kimoja, najua anayeulizwa ni nani. Asubuhi Paulo naye, kama Yusuf, alikataa kutolewa kimyakimya. Wakubwa waje wenyewe.

Visa hivyo viwili nilivigeuza fimbo. Mfungwa akinung'unika, namwambia atulie kama Yusuf. Sasa naona nilikuwa nadai subira kutoka kwa mtu niliyemfungia kufuli mwenyewe. Tena Yusuf alibaki ili ukweli ujulikane. Kimble angebaki, angeuawa na ukweli wake ukazikwa naye. Na kabla ya kukimbia aliitazama roho ya askari, kama Paulo. Mimi simlaumu.

Ninayemlaumu ni Gerard, afisa anayemsaka, walau kwa ile nusu ya kwanza. Kwenye handaki la bwawa Kimble anamwambia hakumuua mkewe. Gerard, mikono juu, anajibu kwamba hilo halimhusu. Tommy Lee Jones alipata Oscar kwa nafasi hiyo na aliistahili, kwa kuwa baadaye unamwona anaanza kusumbuka: mtoro gani huyu anayejivika nguo za mfagiaji hospitalini, kisha anajihatarisha kubadili karatasi ili mtoto apelekwe haraka kwenye upasuaji? Swali hilo halikuwa kazi yake. Alilifuata hata hivyo.

Gereza moja nililofanyia kazi lilikuwa na mfungwa fundi cherehani. Siku moja alikuwa akinishonea kola ya sare, uzi wa kaki mdomoni, akasema bila kuinua kichwa, "Afande, mimi sikuiba."

"Mimi siyo hakimu," nikamjibu.

Akakata uzi kwa meno, akanikabidhi shati. Shati hilo ninalo mpaka leo, kola yake haijafumuka. Sikumuuliza ilikuwaje.