Amri Iliyoanza kwa Wanaume



Dada mmoja wa mteremko wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ambaye hajatimiza mwaka tangu afanye baiat, aliniletea swali lililoninyima usingizi. Alisema kwamba kaka yake mkubwa, aliyemtangulia katika Jumuiya na ndiye aliyemwonyesha njia, humkagua kila asubuhi anaposhuka kwenda kazini mjini: mtandio umekaaje, gauni limefika wapi, mikono imefunikwa kiasi gani. Dada huyo hakuchukia kukumbushwa. Lakini jioni, kaka huyo huyo huketi mbele ya televisheni, na anapotokea mwanamke msoma habari humtazama tangu nywele hata kucha, akitoa maoni juu ya kila akionacho, wala macho yake hayabanduki. Mwanamume anayesoma habari pamoja na mwanamke yule hasemwi hata neno moja.

Basi dada akauliza: Je, Mwenyezi Mungu aliteremsha sheria ya mavazi kwa ajili ya mwanamke peke yake, na mwanamume akapewa kazi ya kuisimamia tu? Akaongeza kwamba ikiwa jibu ni ndiyo, yeye hajui alihama kutoka wapi kwenda wapi.

Swali hili ni la haki, tena si lake peke yake. Wengi wanaoutafuta ukweli wa Uislamu huko Machame, Marangu na Rombo wanalo moyoni, ingawa huona haya kulisema. Kwa hiyo nalijibu hapa mbele ya wote.

Mizani miwili

Kwanza tukubali kwamba yale aliyoyaona dada yetu nyumbani kwao yako duniani kote. Huku Tanzania Bara televisheni ilichelewa kufika. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Leo picha zake zinaonekana hata katika nyumba zilizo katikati ya migomba, na tangu hapo jicho la watu limezoea kupima watangazaji kwa mizani miwili. Mwanamume akivaa koti na tai, kazi yake ya kuvaa imekwisha. Mwanamke hutafutiwa kosa: akijifunika amepitwa na wakati, asipojifunika amekosa adabu, akirudia gauni ni maskini, akibadilisha kila siku ni mpenda anasa.

Huko Australia mtangazaji mmoja wa televisheni, Karl Stefanovic, aliyaona hayo akayajaribu. Alivaa suti moja ya buluu katika kipindi cha asubuhi karibu kila siku kwa muda wa mwaka mzima, na watazamaji hawakuona, hata alipowafunulia mwenyewe mwaka 2014. Wakati huo mwanamke aliyetangaza pamoja naye, Lisa Wilkinson, alikuwa akihukumiwa kwa kila nguo aliyoivaa. Mtu huyu si Mwislamu, na hakuwa akihubiri dini. Lakini jaribio lake lilionyesha jambo ambalo muumini anapaswa kulitafakari: kwamba kosa halikuwa katika nguo bali katika macho yaliyozitazama.

Wala serikali na wenye mamlaka hawakusalimika na mizani hiyo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, ukipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Suruali za kubana zilihusu wanaume pia. Lakini hata kabla ya tarehe ile kufika, walioshambuliwa na makundi ya vijana barabarani na kushushwa katika mabasi walikuwa wanawake. Walidai kulinda heshima, na katika kuilinda wakaivunja.

Tarehe 1 Juni 2021 katika Bunge letu, mbunge mwanamume alisimama kulalamikia mavazi ya wabunge wanawake, na Spika wa wakati ule, Ndugu Job Ndugai, akamwamuru mbunge wa Momba, Bi. Condester Sichalwe, atoke akabadilishe suruali aliyoivaa. Picha za tukio hilo zilienea katika televisheni na katika simu. Sitaki kuhukumu suruali ile. Bunge lina kanuni zake na wenyewe wanazijua. Nakuuliza jambo moja tu, ndugu msomaji: Ni nani leo anayekumbuka vazi la mbunge aliyelalamika? Mwanamke anakumbukwa kwa suruali yake, na jambo alilokuja kuwasemea watu wa Momba siku ile halikumbukwi.

Usidhani kwamba nchi za Waislamu zimesalimika. Huko Misri, kwa miaka mingi, mwanamke mwenye kujifunika kichwa hakuruhusiwa kusoma habari katika televisheni ya taifa, mpaka mwezi wa Septemba 2012, ndipo Fatma Nabil akasoma habari akiwa na hijabu. Huko Afghanistan, mwezi wa Mei 2022, watawala waliwaamuru wanawake watangazaji wafunike hata nyuso zao. Watu wa Misri walisema, Vua. Watu wa Afghanistan walisema, Funika zaidi. Maneno yanapingana, lakini watawala hao wote wawili walifanana katika jambo moja: amri hizo za watangazaji zilimwelekea mwanamke.

Mpangilio wa Kurani Tukufu

Sasa tuje kwenye Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Fungua Sura ya 24, An-Nur, aya ya 31, kwa hesabu yetu inayoanza na Bismillahi. Humo Mtume Mtukufu s.a.w. anaamrishwa awaambie wanaume waaminio wainamishe macho yao na kulinda tupu zao. Na inaelezwa kwamba hiyo ni njia ya utakaso kwao, na kwamba Mwenyezi Mungu anayo habari ya wanayoyafanya. Hiyo ndiyo amri ya kwanza. Kisha katika aya ya 32 wanawake waaminio wanaamrishwa jambo lile lile, wainamishe macho na kulinda tupu zao, na baada ya hapo yanafuata maelezo ya kufunika mapambo na kuteremsha shungi juu ya vifua.

Angalia mpangilio huo, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu Mwenye hekima hakuanza na shungi la mwanamke. Alianza na jicho la mwanamume. Anayeanza na shungi la dada yake kabla ya jicho lake mwenyewe ameisoma Kurani kinyumenyume. Hadhrat Khalifatul Masih V a.t.b.a. amelikumbusha jambo hili mara nyingi katika hotuba zake, kwamba wanaume ndio walioambiwa kwanza.

Na Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika makala yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza kwamba purda ya Kiislamu haikuwekwa ili mwanamke afungwe ndani kama mfungwa. Imewekwa ili wanaume na wanawake wote wazuiwe kutazamana ovyo, kwa sababu moyo hufuata jicho.

Mtume s.a.w. aligeuza uso wa nani?

Tuone basi jinsi Mtume Mtukufu s.a.w. alivyoitekeleza amri hiyo. Katika Hija ya kuaga alikuwa amempandisha nyuma yake juu ya ngamia kijana Fadhl bin Abbas r.a., binamu yake. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza: baba yake ni mzee sana, hawezi kukaa juu ya mnyama, je, amhijie? Fadhl akaanza kumtazama mwanamke yule, na mwanamke naye akamtazama. Mtume s.a.w. alifanya nini? Alinyosha mkono wake mtukufu akaugeuza uso wa Fadhl upande wa pili. Na mwanamke akajibiwa swali lake: Ndiyo, mhijie baba yako. Habari hii imo katika Sahihi Bukhari.

Hakufukuzwa, wala hakuambiwa arudi hemani kwanza. Haja yake ya dini ilisikilizwa ikatimizwa, na aliyegeuzwa alikuwa mwanamume mtazamaji. Ndugu mwenye televisheni nyumbani, huo ndio mwongozo wako. Mkono wa Mtume s.a.w. haupo leo kukushika kidevu. Basi shingo yako igeuze wewe mwenyewe.

Neno kwa ndugu zetu Wakristo

Wengi wa majirani zetu hapa mlimani ni Walutheri na Wakatoliki, na baadhi ya wanaosoma ukurasa huu walilelewa huko. Kwao nasema: jambo hili si geni kwenu. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 5, Yesu a.s. alifundisha kwamba mwanamume anayemtazama mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Na akasema kwamba jicho likimkosesha mtu, aling'oe jicho lake. Hakusema mwanamke aondolewe njiani. Na juu ya kujifunika, wenyewe mnawaona watawa wakipita katika njia za Kibosho na Kilema wakiwa wamefunika vichwa, na mnawapa heshima wanayostahili. Binti wa Kiislamu apitapo amefunika kichwa katika njia ile ile, kwa nini aulizwe ni nani aliyemlazimisha?

Je, hakuna tofauti kabisa?

Ningekuwa mdanganyifu kama ningesema kwamba Uislamu umewawekea wanaume na wanawake vazi moja. Tofauti ipo. Mwanamke ameamrishwa kufunika zaidi. Mwanamume naye amekatazwa dhahabu na hariri, vitu alivyohalalishiwa mwanamke, na ameonywa vikali juu ya kuburuta nguo kwa majivuno. Kila mmoja ameguswa pale ambapo jaribu lake liko karibu.

Lakini sababu ya kufunika imetajwa wazi katika Sura ya 33, aya ya 60: ili wanawake waaminio watambulikane wasiudhiwe. Na aya inayofuata mara moja inawatisha kwa adhabu wanafiki na wenye maradhi mioyoni na wavumishao uongo mjini Madina. Kwa hiyo nguo ya mwanamke ni ngao yake, na hatia imebaki kwa yule mwenye kuudhi. Asiyejifunika hakutolewa ruhusa audhiwe.

Tena katika Sura ya 7, aya ya 27, baada ya kutaja nguo zifunikazo miili ya wanadamu wote, Mwenyezi Mungu anataja vazi la ucha Mungu na kulisifu kuwa ndilo bora zaidi. Vazi hilo haliuzwi katika mitumba ya Memorial wala katika maduka makubwa ya mjini, na halina la kike wala la kiume.

Kwa kaka na kwa dada

Kwako, kaka: ulipofanya baiat ulikubali masharti kumi yaliyotangazwa na Masihi Aliyeahidiwa a.s. tarehe 12 Januari 1889. Katika sharti la pili, pamoja na kujiepusha na uongo na zinaa, uliahidi kujiepusha na kutazama kubaya. Ahadi hiyo uliitoa wewe kwa ulimi wako, si dada yako kwa niaba yako. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Ukitaka mashauri yako yasikike asubuhi, yaanzie jioni: inamisha macho, badili kipindi, au zima chombo. Dada yako akikuona unafanya hivyo kwa wiki chache, huenda usihitaji kumkagua tena.

Nami sijitoi katika lawama. Niliposikia swali la dada huyu nilizikumbuka hotuba zangu za miaka iliyopita. Nimepata kusema juu ya purda saa nzima nikiwaelekea kina mama nyuma ya pazia, na kwa wanaume walioketi mbele yangu nikatumia dakika mbili, nao wakitikisa vichwa kwa furaha kwamba wenzao wanaambiwa. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na ninawaomba msamaha wale kina mama.

Na kwako, dada: usiache amri ya Mola wako kwa sababu aliyekufikishia ameivunja. Anayekuonyesha chemchemi huku mikono yake ni michafu hakuyachafua maji. Jifunike kwa sababu Mwenyezi Mungu amekuamuru na kwa sababu anakupenda, si kwa sababu kaka amesimama mlangoni. Na ukiwa peke yako mjini, mahali ambapo kaka hakuoni, hapo ndipo itakapojulikana unamtii nani. Swali lako la kutoka wapi kwenda wapi linajibika hivi: ulitoka penye macho ya watu, ukaja penye jicho la Yule asiyependelea mwanamume wala mwanamke, na ambaye, kama inavyofundisha Sura ya 40, aya ya 20, anaijua hiana ya macho na yanayofichwa na vifua.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote, wanaume kwa wanawake, vazi la ucha Mungu. Ayatakase macho yetu kabla hatujanyosha vidole, azifanye nyumba zetu za mlimani na za bondeni kuwa mahali pa haya na heshima, na awaongoze wanaoitafuta njia Yake. Amin.