Picha ya Kidonda

Msomaji, jicho lenye matumaini huona litakalo. Mtu mwenye kidonda cha mguu hukitazama kila asubuhi na kujiambia kwamba leo ni nafuu kuliko jana. Hasemi uongo, mabadiliko ya siku moja ni madogo mno hata kumbukumbu haina cha kushika. Mwenye kisukari yumo hatarini zaidi, kwa kuwa maradhi hayo huweza kufisha mishipa ya fahamu, na mguu usiouma haumwonyi mwenyewe.

Ndiyo sababu wauguzi hupiga picha. Hukisafisha kidonda, huweka kando yake rula na tarehe, kisha hupiga kwa umbali ule ule, pembe ile ile na mwanga ule ule wa mara iliyopita. Sharti hilo si urembo: picha iliyopigwa kwa upande hufanya kidonda kionekane kimepungua kumbe hakikupungua, na mwanga wa manjano hubadili rangi ya nyama. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kisichopungua eneo lake kwa nusu hivi katika majuma 4 hakielekei kupona katika majuma 12, na matibabu yapasa yafikiriwe upya. Hata hivyo picha haipimi kina, hainusi, wala haigusi mfupa.

Lakini picha ile ni ya nani? Mimi nasema ni ya mwenye mguu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Nasi kabla ya sheria hiyo tulijua kuwa kidonda ni jambo la sitara. Utaniambia kwamba daktari wa mbali akiiona aweza kuuokoa mguu. Kweli, na apelekewe, mgonjwa akiridhia. Kuficha jina hakutoshi: mguu hutambulikana kwa kovu lake na kwa kidole kilichokatwa.

Wako pia wanaomficha mgonjwa picha yake mwenyewe ikiwa mbaya, kwa huruma. Huruma hiyo siiafiki, maana humnyima mtu habari za mguu wake wakati angali nao. Na aulizwe kama ataka kuona. Akikataa, iwekwe. Akikubali, aonyeshwe ya juma la kwanza na ya juma la nne pamoja, hata kama ya nne ndiyo mbaya zaidi.