Je, Yafaa Kununua Tusichokiona?

Asubuhi, mitumbwi ifikapo mwaloni Mwigobero mjini Musoma, mama aliyetoka Buhare kununua samaki hatoi fedha kwanza. Humshika sangara, humfunua mashavu, humbonyeza ubavu, humnusa. Ndipo huanza kupatana bei. Hakuna amwonaye kuwa mtu wa shaka nyingi. Mwuzaji mwenyewe amtazamia kufanya hivyo, maana ndiyo desturi ya soko tangu zamani: jicho hutangulia, fedha hufuata.

Siku hizi familia zetu nyingi zanunua kwa njia iliyoipindua desturi hiyo. Fedha hutangulia, nalo jicho hufuata likiwa limechelewa. Twasema habari ya vyumba vya kulala safarini. Watoto wa nyumba moja ya Buhare waweza kuwa mmoja Mwanza, wa pili Dar es Salaam, wa tatu ng'ambo ya bahari. Ikija arusi, mazishi, mahafali au matibabu, watu hufunga safari, na mahali pa kulala hutafutwa kwa simu. Tena huko Marekani, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanakaa, kumekuwako namna moja ya kupata chumba cha hoteli kwa bei ya chini ambayo yastahili kufikiriwa kwa makini. Yaleta swali la kale katika vazi jipya: mtu aliyekubali jambo asiloliona, je, amelikubali kweli?

Namna hiyo ilianza kuenea mwaka 1998, kampuni ya Priceline ilipofungua biashara yake katika intaneti. Msafiri hakuuliza bei. Aliitaja yeye mwenyewe. Alichagua mji, sehemu ya mji, na daraja la hoteli kwa hesabu ya nyota. Akataja kiasi alichokuwa tayari kutoa, akaandika namba ya kadi yake ya benki. Hoteli mojawapo ikiikubali bei ile, fedha zilikatwa papo hapo, na ndipo jina la hoteli lilipofunuliwa. Kurudi nyuma hakukuwako. Bei ikikataliwa, hakuweza kujaribu tena chumba cha namna ile ile mpaka siku ipite, au abadili sharti fulani, kama vile kuongeza sehemu nyingine ya mji. Utaratibu huo wa msafiri kutaja bei umekwisha kuachwa, lakini ndugu yake angali hai: kampuni hiyo, na nyingine iitwayo Hotwire, huuza vyumba kwa bei iliyopunguzwa huku jina la hoteli limefichwa mpaka malipo yamekwisha.

Kwa nini hoteli ifiche jina lake? Si lazima iwe kwa nia mbaya. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe kesho. Chapotea kama maziwa yaliyokosa mnywaji. Afadhali fedha kidogo kuliko kukosa kabisa. Lakini mwenye hoteli akiitangaza bei hiyo hadharani, wageni wake wa kila siku watadai nao walipe hiyo hiyo. Basi hujificha jina, auze pasipo kujishushia heshima. Msafiri hupata nafuu, naye mwenye hoteli hupata kitu. Hapo hatuoni dhuluma.

Hata hivyo yatupasa kuihesabu mitego yake. Sehemu ya mji iliyochaguliwa katika ramani yaweza kuwa pana, na hoteli ikawa pembeni kabisa, mbali na kanisa la arusi au hospitali ambayo ndiyo sababu ya safari. Chumba huhesabiwa kuwa cha watu wazima wawili, wala haiahidiwi kama kutakuwa na kitanda kimoja au viwili. Baba aliyefuatana na binti zake wawili aweza kufika usiku akaonyeshwa kitanda kimoja. Kisha zipo ada za kuegesha gari na ada nyingine zinazodaiwa mapokezini, hata ile bei iliyofurahisha inafanana na bei ya kawaida. Mgonjwa akizidiwa na safari ikaahirishwa, fedha hazirudi. Hata aliyefaulu, zamani za kutaja bei, hakuwa na raha kamili: bei yake ikikubaliwa mara moja, alijiuliza usiku kucha kama angalitaja ndogo zaidi.

Wapo watakaotujibu kwa maneno machache: "Alikubali mwenyewe. Mtu mzima aliyenunua mbuzi katika gunia asilie akikuta paka." Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kulipuuza. Tuwatazame akina mama wanaouza mitumba. Wengi wao hununua robota, ambalo sokoni huitwa balo, likiwa limefungwa kwa mikanda. Hawajui kilichomo, isipokuwa aina ya nguo na daraja lililotajwa. Wakilifungua hukuta mashati mazuri na mengine yaliyochanika. Hawaendi kushtaki. Walijua tangu mwanzo kwamba balo ni bahati, wakapanga bei zao kwa kujua hivyo. Hasara ya balo la leo hufidiwa na faida ya balo la mwezi ujao. Giza la namna hii limetangazwa wazi na kupimwa, na mtu mwenye akili aweza kuingia ndani yake bila kulaumiwa.

Lakini msafiri wetu hana mabalo mengi. Ana safari moja, usiku mmoja, na mama mmoja mgonjwa. Bahati ikimpinga, hakuna chumba cha mwezi ujao kitakachomrudishia usiku ule. Kwa hiyo kipimo cha mfanya biashara hakiwezi kuwa kipimo cha mzazi.

Tena ridhaa peke yake haitoshi kuufanya ununuzi kuwa wa haki. Wazee wetu wa kando ya Ziwa walijifunza jambo hili kwa machungu. Musoma ilipokuwa bado katika Jimbo la Ziwa, mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, ukatundikwa katika mizani asiyoweza kuisoma. Alitajiwa uzito, akatajiwa fedha, akapokea, akaenda zake. Kwa macho ya nje alikuwa amekubali. Lakini alikubali nini, naye hakuujua uzito wa pamba yake mwenyewe? Katika miaka ya 1950 wakulima walidai mizani ya haki, wakajiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hakuna aliyewaambia, "Mlikubali wenyewe, nyamazeni." Kila mtu aliona kwamba ridhaa ya mtu aliyefichwa ukweli ni ridhaa iliyopunguka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hili katika karne ya 13, katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Alifundisha kwamba kasoro iliyo wazi, mwuzaji halazimiki kuitangaza, maana mnunuzi ana macho; lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, mwuzaji amefungwa na haki kuisema. Tukiipima biashara ya vyumba kwa kanuni hiyo, twaona tofauti iliyo kubwa. Kuficha jina la hoteli, huku ukisema wazi kwamba umelificha, si kudanganya. Lakini kuficha ada ya lazima mpaka mgeni amefika na mizigo yake, au kuweka nyota nne juu ya nyumba ujuayo kwamba ni ya nyota mbili, huko ni kuishika mizani kwa kidole. Sheria nayo yaelekea kukubali hivyo: mwezi wa Mei 2025, huko Marekani, ilianza kutumika kanuni ya Serikali Kuu inayowataka wauzaji wa vyumba vya muda mfupi waonyeshe tangu mwanzo bei iliyojumlisha ada zote za lazima.

Mtu asidhani kwamba kushindania bei ndiko kubaya. Katika mnada wa kahawa wa Moshi wanunuzi wameshindana miaka mingi, lakini kwanza hupewa sampuli, wakaikaanga na kuionja kabla ya kutaja bei. Ushindani wa namna hiyo wamnufaisha mkulima na mnunuzi pia, kwa kuwa kila mmoja ajua anashindania nini.

Basi, tumewasema wauzaji. Haki yatudai tujitazame na sisi wanunuzi. Mara nyingi giza hilo hatukutiwa kwa nguvu, tuliingia wenyewe, tukivutwa na utamu wa kusema kwa jirani, "Mimi nimelipa nusu." Furaha hiyo hutufumba macho tusisome masharti, ingawa yameandikwa. Mtu aliyekataa kusoma hawezi kusema kwamba alifichwa. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza kwa sababu aogopa jibu litamharibia urahisi wa bei, amejidanganya kabla hajadanganywa.

Lakini kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni hili ambalo halitajwi. Anayelipa gizani mara nyingi si yeye atakayelala katika chumba kile. Ni kijana amwekeaye chumba mama yake mzee. Ni kamati ya arusi iwawekeayo wageni. Ni baba awaamuliaye watoto. Mtu ana ruhusa ya kuhatarisha usingizi wake mwenyewe. Akiokoa fedha akalala pabaya, amelipa deni lake. Lakini usingizi wa mama si mali yake ya kuwekea dau. Mama huyo hakuulizwa kama yu radhi kupanda ngazi tatu kwa magoti yanayouma, ili mwanawe aokoe kiasi fulani. Ridhaa ya mtu mmoja haiwezi kutolewa na mwingine kimya kimya. Hapo ndipo bei nafuu hugeuka kuwa mzigo uliohamishwa tu, kutoka mfuko wa mwenye nguvu kwenda mgongo wa asiye na sauti.

Wala mtu wa Buhare asiseme kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Leo wazazi wasafirio na mtoto kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, waweza kuletewa picha za nyumba ya wageni katika simu, wakaambiwa, "Tuma fedha sasa, nafasi zinakwisha." Picha hazina harufu wala kelele za usiku, na nyingine si za nyumba ile. Fedha zikiisha kutumwa kwa simu, kuzirudisha ni kazi kubwa. Gunia ni lile lile.

Tufanyeje basi? Akina baba na akina mama, kabla ya kulipa, jueni ni kitu gani kimefichwa, na mjiulize: kikiwa kibaya kuliko nidhaniavyo, nani ataumia? Ikiwa ni wewe peke yako, na hasara waweza kuibeba, amua utakavyo. Ikiwa ni mgonjwa, mzee au mtoto, lipa zaidi upate kuona. Ulizeni jumla ya fedha pamoja na ada zote, idadi ya vitanda, umbali mpaka pale mwendako, na kama fedha hurudi safari ikivunjika. Mkiweza, mwombeni jamaa au mwanajumuiya aliye katika mji ule aende kuitazama nyumba kwa macho yake. Mwendo wake wa saa moja waweza kuwaokolea machozi mengi. Nanyi wenye nyumba za wageni, semeni ukweli wote mapema. Mgeni aliyeambiwa kwamba maji hutoka asubuhi tu aweza kukubali akaja na ndoo yake. Yule aliyekuta bomba kavu hatarudi tena.

Yule mama wa Mwigobero hakusoma vitabu vya biashara. Lakini afunuapo mashavu ya samaki, huwafikiria watakaokula jioni. Nasi tutakapobonyeza simu kulipia chumba, tuwafikirie kwanza watakaolala humo.