Tupa Bidoni, Usijitupe

Tarehe 7 Juni 1965, kwenye pwani ya Fizi, Leonard Mitoudidi alipanda boti kwa safari fupi ya kandokando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa kamanda wa ngazi ya juu katika uasi wa mashariki mwa Kongo. Ernesto Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili mwaka ule na kupiga kambi Kibamba, alimhesabu miongoni mwa wachache waliojitahidi kuleta nidhamu. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali na mawimbi yamesimama. Mitoudidi akaanguka majini, na boti haikumfikia kwa wakati. Wenzake wawili wakajirusha kumwokoa. Hakurudi hata mmoja wao.

Tunaukumbuka mwaka ule kwa sababu ya vita, lakini kifo hiki hakikuletwa na risasi. Kilikuja siku ya kawaida, karibu na nchi kavu. Ndiyo maana kinawahusu vijana wanaotoka Nundu, Mboko na Baraka kwenda kuogelea, kuzamia na kulala ufukweni wakati wa likizo.

Likizo hizo huangukia majira ya kiangazi, na kiangazi ndicho msimu wa kusi. Upepo huu hutoka kusini na kulikimbia ziwa kwa urefu wake, zaidi ya kilomita 600, ukiyasukuma mawimbi bila kizuizi. Ghuba ya Burton, mbele ya Baraka, haiusikii sana kwa kuwa milima ya rasi ya Ubwari imeikinga. Humo maji hulala. Anayepiga kasia hadi kwenye ncha ya rasi hukutana na ziwa jingine kabisa. Basi kabla ya kuondoka, usiulize maji ya ghubani. Waulize wavuvi wa ndakala waliorudi asubuhi wamekutana na nini huko nje, nao wakikukataza, kaa.

Hata ndani ya ghuba, utulivu ni wa juu tu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na penye miamba ukingo hukatika ghafla: hatua mbili maji yako kiunoni, ya tatu hupati chini. Tena ziwa limehama. Lilipopanda mwaka 2021 na mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za pwani kuanzia Uvira hadi Kalemie. Mahali palipofurika huweza kubaki kuta, visiki na mabati yasiyoonekana. Usiruke kwa kichwa mahali ambapo hujaingia kwanza kwa miguu, polepole.

Wazamiaji nao wana mtego wao. Kijana anayetaka kukaa chini muda mrefu huhema haraka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza hewa. Kumbe anaondoa ile kabonidayoksaidi inayoulazimisha mwili kudai pumzi. Huko chini hasikii haja ya kupumua, hewa inamwishia, anazimia bila kupiga kelele. Mwenye kuzama azame akiwa na mwenzake juu anayemtazama, wapokezane.

Na mkipiga kambi, msilale kwenye mdomo wa mto. Mvua inayonyesha milimani hushusha maji usiku hata kama ufukweni ni kukavu, na kiboko hupanda kula majani penye njia yake ileile. Maji ya kunywa myachemshe: kipindupindu hakijaihama pwani hii.

Mtu akizama kwetu, mara nyingi husemwa kwamba mamba-muntu, yule kiumbe wa majini wa masimulizi, amemchukua. Najua uchungu unaotafuta maelezo, na simdharau mfiwa. Ila tukilaumu mamba-muntu, mdogo wake marehemu atarudi palepale kesho bila kujua cha kuepuka.

Narudi kwa wale wawili waliomfuata kamanda wao. Walikuwa na moyo, wala hakuna anayestahili kuwalaumu. Lakini anayezama hushika chochote kilicho karibu na kukikandamiza chini, awe rafiki au ndugu, naye mwokoaji asiye na kitu cha kuelea huwa wa pili kufa. Kwa hiyo mtupie bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, mtupie kamba, mnyoshee kasia au tawi. Usijitupe.

Wazazi, walimu na wakuu wa vikundi vya vijana makanisani, hili si la gharama kubwa. Kila kundi liendalo ziwani libebe bidoni mbili na kamba ndefu, na liwe na mtu mmoja asiyeingia majini, kazi yake kuhesabu vichwa. Asipopatikana wa kubaki nchi kavu, siku hiyo msiogelee.