Jembe Moja, Mishahara Miwili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande wa pili. Jembe analopewa mgeni ni sawa na la mwenyeji, na shamba wanalolima ni moja. Je, wakirudi jioni, ni haki mmoja ale sahani mbili na mwenzake ale moja? Hilo ndilo swali la insha hii, nami nitalijadili kwa kutazama chumba cha walimu.

Shule nyingi za kimataifa zina mikataba ya aina mbili: mmoja wa walimu walioajiriwa kutoka ng'ambo, mwingine wa walioajiriwa hapo hapo nchini. Wote hufundisha silabasi moja na kusahihisha mitihani ile ile. Huko Ufilipino, walimu wenyeji wa shule ya kimataifa ya Manila walilipeleka jambo hili mahakamani. Mshahara wa wageni ulizidi wao kwa asilimia 25, mbali na nyumba, usafiri na likizo ya kwenda kwao. Shule ilijitetea kwamba mgeni ameacha kwao na ajira yake ina kikomo. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikataa hoja hiyo. Ilisema gharama za ugeni zimekwisha kufidiwa na marupurupu. Mshahara ni malipo ya kazi, na kazi yao ni moja.

Kwetu Afrika Mashariki hoja ya shule ile si ngeni. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za kikoloni, ilishikilia kanuni kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu mwenye kazi kama yake. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikapendekeza kanuni hiyo iondolewe, mshahara wa msingi uwe mmoja, na mtu wa kutoka ng'ambo apewe nyongeza ya kumvutia. Ubaguzi ulitolewa mlangoni, lakini dirisha likaachwa wazi, kwa maana nyongeza isiyo na kipimo yaweza kurudisha pengo lile lile kwa jina jipya. Kwa hiyo nasema: marupurupu ni halali pale tu yanapolipia gharama inayoweza kutajwa, kama tiketi au kodi ya nyumba, na kila mwalimu anaweza kuyaona.

Hata hivyo, tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Tangu Julai 2022 serikali ya Uganda humlipa mwalimu wa sayansi mwenye digrii, katika shule zake za sekondari, shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki na takriban milioni moja. Hapa hakuna Mzungu wala Mwafrika, mgeni wala mwenyeji. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 40, inaliagiza Bunge litunge sheria za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi.

Jambo hili linanigusa. Chumba tulichopanga hapa Namakwekwe tunaishi wawili. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili, mwenzangu wa fizikia. Kodi tunagawana nusu kwa nusu, na posho na maharagwe tunapika kwenye sufuria moja. Tukihitimu, tunaweza kupangwa shule moja, yeye akalipwa mara nne yangu.

Mwenzangu ana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Anasema walimu wa fizikia ni adimu, nchi inahitaji mainjinia na madaktari, na mtoto wa kijijini asiye na mwalimu wa sayansi ndiye anayeumia. Kweli. Lakini uadimu ni habari ya soko, si uzito wa kazi. Unaweza kutibiwa kwa ufadhili wa masomo, au kwa nyongeza iliyotajwa wazi na inayokoma pengo likizibika. Tena, mwezi ule ule wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wake wako wapi? Ni wachache mno. Kama uadimu ndio ungekuwa kipimo, mwalimu wa Kiswahili naye angeongezwa. Hakuongezwa. Basi kinachopimwa si uadimu peke yake. Ni heshima, yaani tunamwona nani kuwa mtu wa maana.

Hapo ndipo ubaya wa jambo ulipo. Mshahara humnunulia mtu unga, na pia humfundisha mahali pa kuketi. Anayelipwa robo huanza kunyamaza kikaoni, na mwishowe haombwi hata maoni. Wanafunzi huyaona hayo yote bila kuambiwa. Shule inayohubiri usawa darasani na kuuvunja katika chumba cha walimu imefundisha somo moja tu, nalo ni lile la chumba cha walimu.

Simwonei mwenzangu wivu, wala sitaki apunguziwe hata shilingi moja. Nilimuuliza juzi, tukila, kama angeona ni haki mimi nile robo ya sufuria kwa sababu nasoma Kiswahili. Alicheka, kisha akanyamaza. Akasukuma sahani katikati.