Ukingo na Kilima

Mtu aliyenusurika maji, akapewa kiwanja kilimani, kisha akarejea pale pale yalipomkuta, huitwa msahaulifu. Je, jina hilo ni la haki?

Katika pwani ya Sanriku, Japani, tsunami ya mwaka 1896 iliua watu wapatao 22,000. Baadhi ya waliosalia walihamia mahali pa juu. Miaka ikapita, wakashuka kidogo kidogo, kwa kuwa vyombo na nyavu vilikuwa chini. Mwaka 1933 bahari ikawarudia. Kwetu, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wakapewa viwanja Mabwepande. Wapo waliorudi bondeni, maana riziki yao ilibaki mjini.

Jambo hili linawahusu pia wavuvi wa Kapalamsenga, mkoani Katavi, kwa sababu Ziwa Tanganyika halina ukingo mmoja. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, karibu na maji. Lakini ziwa lilikuwa limekwisha kupata njia ya kutokea katika Mto Lukuga. Likashuka, kituo kikaachwa nchi kavu. Baada ya mvua nyingi, mwaka 2020 na 2021 likapanda, likaingia katika makao ya watu. Ukingo wa ziwa ni mpaka unaohama, na mvuvi huufuata.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa asubuhi, huuzwa kabla ya kuharibika. Aliyehamishiwa mbali amepewa nyumba, akanyang'anywa asubuhi yake. Hofu ya gharika huja mara chache katika umri wa mtu. Njaa hubisha hodi kila siku. Basi arudiye hakusahau: amepima hatari mbili, akaichagua iliyo mbali.

Hata hivyo, udhuru huu una mwisho. Mzazi amepima na kuchagua. Mtoto alalaye mkekani hakuulizwa. Hapo ndipo haki ya kuchagua hugeuka kuwa deni. Nalo deni hilo lina wadaiwa wawili. Ahamishaye watu na ahamishe pamoja nao njia, soko na ulinzi wa vyombo. Naye arudiye na afanye ukingo kuwa mahali pa kazi, kilima kiwe mahali pa kulala. Tukimlaumu wa pili kabla ya kumdai wa kwanza, tumehukumu nusu ya shauri.